Nafsi ya Tatu

Jumamosi ya mwisho ya mwezi Kigali huamka kimya. Maduka ya Nyamirambo hayafunguliwi, pikipiki hazipigi honi mteremkoni, na kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano barabara hubaki kwa polisi na kwa watu waliobeba majembe. Ni umuganda, kazi ya pamoja ambayo sheria inamdai kila mwenye umri wa miaka 18 hadi 65. Mwezi ninaouzungumzia tulipewa kuzibua ruhurura, mfereji mkubwa unaoteremsha maji ya mvua kutoka mlimani. Ulikuwa umejaa tope, mawe na majani ya migomba.

Jirani yangu alikuwa ameegemea jembe. Nilimtazama nusu saa nzima, na hilo lenyewe lingetosha kunishtua, maana anayemtazama mwenzake nusu saa nzima naye halimi. Jirani alisimulia, alicheka, aliomba kiberiti, aliivua kofia akaivaa tena. Jembe lake halikugusa udongo. Kazi ilipokwisha tulikaa chini kwa mkutano wa mtaa, kama ilivyo desturi, na zamu ya wenye neno ilipofika nikasimama. Nikasema, kwa Kiswahili changu cha darasani, kwamba wapo kati yetu wanaokuja kupiga soga, na kwamba wanawaharibia vijana mfano. Sikutaja jina. Watu wote waligeuza shingo upande mmoja.

Mama anayeongoza umudugudu wetu, ambaye watu humwita Mudugudu tu, kana kwamba yeye ndiye mtaa wenyewe, aliandika kitu kwenye daftari. Kisha akaniuliza bila kupandisha sauti: "Mwarimu, na wewe tukuhesabu kuanzia saa ngapi?"

Nilikuwa nimefika saa nne na robo.

Najua msomaji anangoja nini hapa. Anangoja nimwambie kwamba jirani yule alikuwa na maumivu ya mgongo, au kwamba alikesha hospitalini na mtoto, nami nikaona haya na kumwomba radhi. Visa vya namna hii huishia huko: anayehukumiwa hugeuka kuwa malaika, na anayehukumu hujifunza. Hapana. Nimekaa naye mtaa mmoja miaka kadhaa sasa. Mgongo wake ni mzima, na ni mvivu. Nilichosema juu yake kilikuwa kweli tupu. Kosa langu lilikuwa katika kazi niliyoupa ukweli huo: niliutandika juu ya usingizi wangu wa asubuhi ile, kama mtu anayetandika shuka safi juu ya godoro lililochanika.

Nafundisha Kiswahili. Nilihamia hapa 2018, mwaka mmoja baada ya sheria kukipa hadhi ya lugha rasmi ya Rwanda pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kila muhula narudia somo lilelile: nafsi ya kwanza ni mimi na sisi, ya pili ni wewe na ninyi, ya tatu ni yeye na wao. Mara kwa mara mwanafunzi huuliza kwa nini tunasema "nafsi", neno analolijua kutoka msikitini kwa maana ya roho ya mtu, ile inayoamrisha na inayolaumu. Zamani nilimjibu kwamba ni istilahi tu, aikariri tuendelee. Siku hizi nasita. Naona waliotunga istilahi ile, kwa kujua au kwa bahati, walituwekea mpangilio ambao hatuufuati: mimi kwanza, wewe pili, yeye mwisho. Katika sifa tunaufuata vizuri sana. Katika lawama tunaanzia mwisho, na mara nyingi hatusogei.

Hata methali tulizorithi ili zituzindue tumezigeuza mawe ya kurusha. Nyani haoni kundule: nimeisikia sokoni, bungeni, harusini, na sijapata kumsikia mtu anayeisema juu yake mwenyewe. Ni methali juu ya upofu wa anayesema, na huwa anaisema kipofu.

Kinyarwanda kina mnyambuliko ninaoupenda kuliko yote niliyojifunza hapa. Kurega ni kushtaki. Ukiingiza i ndogo katikati unapata kwirega, kujishtaki. Nasi tuna -ji- yetu, lakini tazama tunaitumia wapi: kujisifu, kujigamba, kujidai, kujitetea, kujiona. Ni -ji- iliyozoea kioo cha saluni. Wanazuoni wa Kiislamu walikuwa na muhasaba, kuihesabu nafsi yako kabla hujahesabiwa, na mmoja wao, al-Harith aliyezaliwa Basra na kufa Baghdad mwaka 857, alishika jambo hilo mpaka akaitwa al-Muhasibi, mwenye kujihesabu. Sisi tukilisikia neno hilo leo tunamfikiria karani wa fedha, ambaye kazi yake ni kuhesabu za wengine.

Kwirega halikuwa neno la vitabuni hapa Rwanda. Lilikuwa hatua ya kwanza kati ya nne, zilizotamkwa pamoja mpaka watoto wakazijua: kwirega, kwemera icyaha, kwicuza, gusaba imbabazi. Kujishtaki, kukubali kosa, kujuta, kuomba msamaha. Zilikuwa hatua za Gacaca, mahakama za majirani.

Naona aibu kidogo kuruka kutoka kwenye jembe lisilolima hadi kwenye mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi. Hayalingani, na mtu aliyefiwa ana haki ya kunikatiza hapa. Lakini kama kuna mahali katika Afrika yetu ambapo watu wa kawaida, bila joho wala digrii ya sheria, waliambiwa "hukumuni majirani zenu", ni hapa, na anayetaka kufikiri juu ya kuhukumu akiwa Kigali hawezi kupita pembeni.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu wapatao 120,000 walikuwa wamesongamana magerezani wakisubiri kesi. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Arusha, ile tuliyoiona Watanzania wengi kwenye taarifa ya habari, ilishtaki watu 93 katika uhai wake wote. Kwa mwendo wa mahakama za kawaida ilisemwa kesi hizo zingechukua zaidi ya miaka 100. Serikali ikafufua baraza la zamani la wazee waliosuluhisha ugomvi wa mipaka na mifugo wakiwa wamekaa juu ya umucaca, majani mafupi yanayotambaa, na kutoka hapo likaja jina lenyewe. Majaribio yalianza 2002. Zilipofungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012, mahakama hizo takriban 12,000 zilikuwa zimemaliza karibu kesi milioni mbili.

Waliohukumu waliitwa inyangamugayo. Sehemu ya kwanza inatokana na kwanga, kuchukia. Sehemu ya pili, umugayo, ni jambo la lawama. Wenye kuchukia la aibu. Mnamo Oktoba 2001 majirani walichagua watu kama 250,000 wa namna hiyo, bila mshahara. Walivaa utepe wenye rangi za bendera, wakaketi benchi moja mbele ya watu waliokaa nyasini, na kila kikao kikafunguliwa kwa dakika moja ya kimya. Sheria ilitaka wawe watu wasioshiriki mauaji. Kisha, 2005, ukusanyaji wa habari ukaenea nchi nzima. Kila mtaa ulitakiwa kusema nani aliishi wapi, nani aliuawa, nani aliua, mali ya nani ilikwenda kwa nani. Majina ya watu wa benchini nayo yakaanza kutajwa. Inyangamugayo kwa makumi ya maelfu walivuliwa utepe kwa sababu walituhumiwa makosa yaleyale waliyokuwa wakiyasikiliza.

Huwa namfikiria mmoja wao, nisiyemjua. Wepesi ni kumwita mnafiki, na huenda wengi walikuwa wanafiki kweli, waliogombea kiti ili wazibe vinywa vya watu. Anayenisumbua mimi ni yule mwingine, aliyekubali kuchaguliwa kwa moyo safi. Miaka mitatu amevaa utepe, ameuliza maswali magumu, labda amelia na wajane. Na miaka yote hiyo ameikumbuka 1994 katika nafsi ya tatu. Wao waliua. Yeye alisimama tu kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, maana kila mwanamume alitakiwa kusimama. Yeye alichukua bati tu, na mwenye nyumba alikuwa amekwisha kufa. Asubuhi moja mwanamke anasimama nyasini na kumnyambulia kitenzi upya: wewe ulikuwepo, wewe ulinyoosha kidole.

Hata wale waliojishtaki, wengi wao walipata njia ya kujishtaki bila kuitumia nafsi ya kwanza. Sheria ilidai maelezo kamili: kosa gani, wapi, lini, nani aliuawa, mwili ulitupwa wapi, mlikuwa na nani. Aliyekiri hivyo na kuomba msamaha alipunguziwa kifungo, na sehemu yake akaitumikia kwa kuvunja mawe ya barabara na kukata matuta ya milimani. Basi ungamo likawa na bei, na penye bei pana kupunja. Walitaja waliokwisha kufa na waliokimbilia Kongo. Walisema walitumwa, walisema serikali ilikuwa mbaya, walisema shetani. Vyote hivyo vina ukweli ndani yake: serikali ilikuwa mbaya, na redio ya RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, iliwafundisha watu kuwaita wenzao mende. Lakini serikali na redio ni nafsi ya tatu. Mwanamke aliyekaa nyasini alikuwa anauliza mifupa ya wanawe iko wapi, na swali hilo halijibiwi ila na "mimi".

Kwa sababu ya mwanamke huyo ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema, kwa unyenyekevu wa kupendeza, "mimi ni nani hata nimhukumu mtu?" Nimeusikia sana unyenyekevu huo, hasa kwa watu ambao kutohukumu hakuwagharimu kitu. Mjane hakuhitaji hakimu aliyejitafakari mpaka akanyamaza. Aliyevuliwa utepe alibadilishwa, mwingine akakaa kwenye nafasi yake, kesi ikaendelea. Hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi katika Gacaca, pamoja na kasoro zake, na kasoro moja inaingia moja kwa moja katika habari hii: sheria ya 2004 iliondoa makosa ya kivita katika mamlaka yake, na hivyo waliouliwa ndugu zao na askari wa RPF, kundi lililoshinda vita, hawakuweza kuleta neno lao nyasini. Kusema hivi si kulinganisha makosa hayo na mauaji ya kimbari. Ni kusema kwamba dola nayo ina nafsi ya kwanza, na haipendi kuitumia zaidi ya vile tupendavyo sisi.

Madola ya mbali ndiyo kabisa. Yana msamiati wao: "jumuiya ya kimataifa ilishindwa." Nani huyo? Ana anwani gani? Guy Verhofstadt, Waziri Mkuu wa Ubelgiji wa wakati huo, alikuja Kigali Aprili 2000 akaomba msamaha kwa jina la nchi yake. Ilichukua miaka sita, na bado naihesabu mapema.

Sisi wa Nyamirambo na Biryogo tuna jivuno letu. Mitaa hii ndimo Wabelgiji walimowaweka Waswahili, na kwa muda mrefu "umuswahili" mjini hapa likawa tusi dogo, mtu mjanja mjanja usiyemwachia pochi. Kisha ikaja 1994, na Waislamu wengi wa hapa wakawaficha watu waliokuwa wakisakwa. Ni kweli, na inastahili kusimuliwa. Ila ukikaa Biryogo jioni, kwenye ile mitaa iliyofungiwa magari na kupakwa rangi, mbele ya chai ya maziwa yenye tangawizi, utaisikia ikisimuliwa hivi: sisi hatukuua. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la uchochezi la Kangura, aliyehukumiwa Arusha mwaka 2003, alikuwa Mwislamu. Nimewahi kulitaja jina lake mezani. Mzee mmoja akanijibu haraka: "Yule wa Gisenyi."

Nami nikacheka, maana niliijua ile nafsi ya tatu. Nilikuwa nayo mfukoni.

Mimi ni mtu wa Bukoba. Nilikuwa mtoto mwaka ule ambapo mto Kagera ulishusha maiti ziwani na wazee wetu wakakataa kula samaki. Ndani ya saa ishirini na nne, tarehe 28 hadi 29 Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufika robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Nyumbani kwetu swali lilikuwa moja, na ndilo ambalo kila mgeni huliuliza anapotoka kwenye makumbusho ya Gisozi, ambako watu zaidi ya 250,000 wamezikwa: waliwezaje? Hao watu wana nini? Sisi tulikuwa kisiwa cha amani. Nilikua na swali hilo kama wengine wanavyokua na jina la ukoo.

Nilipohamia huku nikaanza kulijibu kwa haki, au nilidhani ni haki. Nikawaambia rafiki zangu wa Kigali: hata kwetu yapo. Wapo vikongwe waliokatwa mapanga Usukumani kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni tu. Wapo ndugu zetu wenye ualbino waliowindwa kwa ajili ya viungo vyao, mpaka Waziri Mkuu Pinda akalia bungeni mwanzoni mwa 2009. Nilijiona mkweli. Nilichukua muda kugundua kwamba mimi ni Mhaya, na kwamba katika kuikosoa nchi yangu nilikuwa nimechagua kwa uangalifu makosa ya Wasukuma.

Basi ya kwetu ni haya. Mwishoni mwa Julai 2013 Rais Kikwete aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke kwa hiari, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu walivushwa mpaka kurudi Rwanda, wengine wakiwa wameishi kwetu miongo mitatu, minne, wengine wakiwa wamezaliwa kwetu. Kulikuwa na mama aliyetuletea maziwa. Alizaliwa Karagwe. Tangu utoto wangu tulimwita "yule Mnyarwanda", na jina lake halisi nililijua siku nyingine ambayo si ya kusimulia hapa. Wiki zile za Agosti, kijiweni, kahawa mkononi, mtu alisema habari za amri ile, na nilisema maneno manne: "Sheria ni sheria. Waende." Sikumpiga mtu, sikuchukua ng'ombe wa mtu. Mama yule hakuja tena, na nyumbani tulilalamika kwamba maziwa yamepanda bei.

Miaka mitano baadaye nilishuka kwenye basi hapa Kigali na barua ya ajira. Kijana wa uhamiaji alinigongea karatasi zangu, akaniambia karibu, kwa Kiswahili.

Sijui kama hayo yamenifanya mwema zaidi. Yamenifanya mzito kidogo wa kuinuka mkutanoni. Kabla sijasema "wao", nanyambua kitenzi kimoyomoyo kama ninavyowalazimisha wanafunzi: nimechelewa, umechelewa, amechelewa. Nimewafukuza, umewafukuza, wamewafukuza. Mara nyingine nikifika mwisho wa mnyambuliko bado lawama iko palepale, tena nzito zaidi, kwa kuwa sasa naijua kutoka ndani. Mara nyingine imekwisha. Na kuna jambo ambalo kwa miaka yote ya kufundisha sikuliona: tunavyoruka kati ya kujisifu na kusengenya, ile nafsi ya katikati hatuitumii kabisa. Jirani yangu nilimshtaki kwa mtaa mzima. Yeye mwenyewe sikuwa nimemwambia kitu.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliofuata nilifika saa mbili kasoro dakika tano. Mudugudu alinitazama, akaitazama saa yake, akaandika. Ruhurura ilikuwa imejaa tena, mvua za Aprili hazina shukrani. Jirani alikuja saa mbili na nusu, akachagua mahali pazuri penye kivuli, akaegemea jembe. Nililima kidogo mpaka mikono ikachubuka, kisha nikamwendea.

"Muzee," nikamwambia, "umechelewa, na unatuachia kazi. Mwezi uliopita mimi nilichelewa kukuzidi."

Alinitazama kwa muda, akacheka. "Hilo ungelisema mwezi uliopita," alisema.

Akashuka mferejini. Alilima kama robo saa, akarudi kwenye mpini wake.